Bakuli la Mahari ya Ayikoru

Jumatatu, 4 Agosti 2025, Awindiri, Arua

Mvua tangu alfajiri. Sahani mia mbili na arobaini zimerudi kutoka harusini zikiwa na mafuta yaliyoganda, na Drateru, jirani yangu anayenisaidia kuosha, anasema mgongo wake hauna adabu tena. Wangu pia. Nimeanza daftari hili kwa sababu kichwa changu siku hizi hakishiki kitu: nani kachukua masinia, nani kavunja nini. Nikiandika, angalau nitagombana na watu nikiwa na ushahidi.

Jumatano, 6 Agosti

Mvua. Sahani.

Ijumaa, 8 Agosti

Étienne kaja kutoka mpakani Vurra na boksi lake limefunikwa nailoni. Huyu Mkongo ananiletea vyombo vya kioo vya zamani kutoka upande wa pili, vya kwenye nyumba walizoacha Wabelgiji, na mimi huvipeleka Kampala kwa wanaovipenda. Kukodisha vyombo vya harusi ndiko kunakonilisha. Vioo ndivyo vinavyonifanya niamke.

Leo alinitolea kibakuli cha sukari. "Mama Kadijah, hii iko na miaka mia moja. Angalia chini vile imechoka."

Nikakigeuza. Kitako kilikuwa na mikwaruzo kweli, lakini yote imelala upande mmoja. Chombo kilichokaa mezani miaka mingi husukumwa huku na kule, na mikwaruzo yake huelekea kila upande bila mpango. Mikwaruzo yenye mpango imetengenezwa na mtu.

"Étienne, hii umepiga msasa."

"Si mimi, Mama. Ni ule mutu aliniuzia."

Tukacheka, akanywa chai, akaondoka na kibakuli chake. Nilifundishwa haya na mama mmoja wa Kampala aliyekuwa na duka la vitu vya kale. Alinionyesha jinsi kioo cha moto kinavyomiminwa katika kalibu ya chuma na kushindiliwa, na jinsi viungo vya kalibu vinavyoacha mshono mwembamba ubavuni, ambao kidole huupata kabla ya jicho. Alinifundisha pia alama. Vyombo vingi vya Uingereza vya zamani sana vina alama ndogo ya pembe nne, kama kishada cha watoto. Kuanzia mwaka 1884 wakaacha kishada wakaweka herufi R na D na namba. Namba zilipanda mwaka hadi mwaka, kwa hiyo ukiisoma unajua umbo lile liliandikishwa lini, na chombo hakiwezi kuwa na umri kuzidi namba yake. Orodha ya namba na miaka nimeibandika ndani ya mlango wa kabati. Mende wamekula pembe moja tu.

Jumamosi, 9 Agosti

Hamuza wa Koboko amekuja mwenyewe, kanzu imelowa hadi magotini. Huyu ndiye aliyebeba jeneza la mume wangu bega la mbele kutoka nyumbani mpaka makaburini, hakukubali kupokewa. Tena bintiye anaolewa mwezi ujao na vyombo vyote ameagiza kwangu. Nikamtandikia mkeka mzuri.

Shida yake ni nyumba ya babu yake kule Koboko. Babu, Mzee Abdunoor, alimwoa Bushira, bibi yake Hamuza. Bushira alipokufa, akaingia nyumbani mwanamke wa Kilugbara kutoka upande wa Aru, ng'ambo ya mpaka Congo, jina lake Ayikoru. Huyo Ayikoru alizaa na Abdunoor, na mtoto aliyebaki ni Mama Rehemah, ambaye sasa ana miaka sabini na tisa na anaishi katika nyumba hiyo. Hamuza anasema Ayikoru hakuolewa kamwe. Alikuwa mtumishi. Na mtoto wa nje ya ndoa harithi kwa baba, kwa hiyo Mama Rehemah atoke.

"Cheti cha ndoa hakuna?" nikauliza.

"Karatasi gani, Dada? Mwaka wa sabini na tisa, vita ilipofika, watu walikimbia na watoto kichwani. Nani alibeba karatasi?"

Kilichobaki ni bakuli la kioo. Mama Rehemah anasema ndiyo mahari aliyopewa mama yake mbele ya mashahidi. Hamuza anasema ni bakuli la bibi yake Bushira, lililotoka Sudan na wazee wetu wanajeshi, na Ayikoru alilikuta tu kabatini.

"Wazee wamesema wewe ndio iko na macho ya kioo. Kuja Jumanne. Utaangalia, utasema, mambo itaisha."

Nimekubali. Sisi Wanubi tunapenda kila chombo kiwe kimetoka Sudan na wazee wetu. Hata mwiko wa plastiki ukikaa miaka mitano, utasikia umetoka Sudan.

Jumanne, 12 Agosti

Nimerudi kutoka Koboko saa kumi na moja, viatu mkononi. Niandike kabla sijasahau.

Kikao kilikuwa barazani kwenye nyumba yenyewe. Sheikh katikati, wazee sita, Hamuza na ndugu zake upande mmoja. Upande wa pili Mama Rehemah peke yake juu ya kiti cha kamba, mfupi, mgongo umenyooka, ana uso wa mtu anayesubiri wageni waondoke. Bakuli alilipakata.

Sheikh alimwambia kila mmoja aape kisha aseme. Hamuza akaapa kwamba bakuli lilikuwa mali ya bibi yake Bushira, naye Bushira alikufa mwaka wa nzige, elfu moja mia tisa thelathini na moja, baba yake Hamuza akiwa na miaka mitatu. Mwaka huo kwao wanauimba.

Mama Rehemah akaapa naye. "Hii bakuli baba yangu alinunua kwa duka ya Muhindi, Arua. Alipatia mama yangu mbele ya mashahidi wawili. Wote wamekufa. Mimi peke yangu ndio iko. Mama yangu alibeba hii kwa kichwa mpaka Congo, akarudi nayo. Na baba yake Hamuza, ni mama yangu alimlea. Leo anaitwa mtumishi. Shukrani ya punda ni mateke."

"Mama, tuheshimiane," akasema Hamuza.

Sheikh akanyoosha mkono. "Wote wawili wameweka neno lao juu ya bakuli. Bakuli likimkana mmoja, neno lake limeanguka. Dada Kadijah, angalia."

Nikaletewa. Ni zito, rangi ya chai ya rangi, limechorwa nyota na vipande vya pembe nne ubavuni kuigiza kioo cha kukatwa. Umbo la namna hii lilitengenezwa miaka mingi sana, halisemi tarehe. Mishono mitatu, imelainika. Nikatafuta kishada, hakuna. Nikatafuta namba, hakuna. Kitako sasa: sijawahi kuona kitako kilichochoka vile, kimekuwa cheupe kabisa, na ndani ya bakuli pia, kwenye sakafu yake, kioo kimefifia kama dirisha la bafuni. Mikwaruzo ilikwenda duara duara. Nililiona hilo, naliandika hapa kwamba nililiona. Nikajiambia ni uzee.

Mvua ilikuwa imeanza kupiga bati, giza limeingia barazani, mgongo unaniuma, na gari la mwisho la Arua halingojei mtu. Mama Rehemah aliinua mkono kidogo kama anataka kusema, lakini mzee mmoja alikuwa anaongea, naye akaushusha.

Nikasema: "Halina alama, na limechoka kuliko chombo chochote nilichowahi kushika. Kwa ujuzi wangu ni la kabla ya namba kuanza, lina miaka mia na arobaini, labda zaidi. Halikununuliwa jipya dukani."

Upande wa Hamuza wakasema Allahu Akbar. Sheikh akamwambia Mama Rehemah amkabidhi Hamuza bakuli. Alilitoa kwenye mapaja, akalishusha chini sakafuni, akaingia ndani. Nilimwona ni mzee mkaidi.

Alhamisi, 14 Agosti

Goti. Mvua. Drateru kavunja glasi mbili, kalia kama kaua mtu.

Jumanne, 19 Agosti

Habari za Koboko: Mama Rehemah amepewa muda mpaka karanga zitoke shambani. Drateru alikuwa anasuuza, akaniuliza bila kuniangalia, "Sasa yule mama atalala wapi?" Nikamwambia kwa watu wa mama yake, upande wa Aru. "Wale atakuta nani bado hai?" akasema. Nilimwambia asuuze vizuri kingo za sahani.

Jumamosi, 23 Agosti

Soko la Inde, kutafuta makaa. Nimerudi na makaa mabichi.

Ijumaa, 5 Septemba

Maulidi. Wali, nyama, vyombo vyote nje, hakuna hata kijiko kilichobaki ghalani. Watu wawili walinipongeza kwa kumaliza kesi ya Koboko. Mmoja akasema mimi ni kama kompyuta. Nilifurahi, sitajidanganya. Mtu akiwa na miaka hamsini na sita na hana mume, kupongezwa si jambo la kila wiki.

Jumapili, 14 Septemba

Mvua ya mawe. Bati la jikoni limetoboka.

Alhamisi, 25 Septemba, Koboko

Naandika nikiwa chumba cha wageni nyumbani kwa Hamuza. Natamani nisingekuja.

Harusi ni Jumamosi. Nilikuja na vyombo mapema ili vihesabiwe. Leo asubuhi wanawake walikaa barazani kufukiza vitu vya bibi harusi. Ni desturi yetu: nguo, shuka, masanduku, na kila chombo kitakachomfuata kwa mumewe, vyote vinapita juu ya udi. Shangazi zake wakaleta lile bakuli, zawadi kubwa ya siku. Wakalifunika juu ya chetezo, wakaanza kupiga vigelegele na kusengenya, wakalisahau. Walipolifunua, ndani limekuwa jeusi tititi.

"Kadijah, wewe ndio fundi ya kioo, futa."

Nikalipeleka ukingoni mwa baraza, kwenye mwanga, jua la saa nne baada ya mvua. Nikapitisha kitambaa kikavu mara moja, polepole. Masizi yakatoka pale palipo laini. Pale chini, katikati, hayakutoka yote. Yalibaki kwenye vijishimo vidogo ambavyo jicho wala kidole havikuwa vimevipata. Nikaona R. Nikaona D. Nikaona saba, kisha tisa. Baada ya tisa kuna kitu kama moja au nne, kisha makovu matatu yasiyosomeka, lakini nafasi zake zinahesabika. Tarakimu sita.

Orodha ya kabatini naijua kama Fatiha. Namba ya tarakimu sita inayoanza na saba na tisa ni ya mwaka elfu moja mia tisa thelathini na nne. Ukiivuta sana ni siku za mwanzo za thelathini na tano. Bushira alikuwa na miaka mitatu kaburini.

Nikapiga picha kwa simu. Nikapiga nyingine, karibu zaidi. Shangazi mmoja akaja akaniuliza kama nimechafuka, nikasema moshi umeniingia machoni.

Kisha nikamuuliza, kwa sauti ya kawaida, zamani bakuli hili walikuwa wanaliosha na nini. Akacheka. "Eh! Yule Ayikoru na mtoto wake? Majivu na mchanga ya mto. Kila Idi, kila harusi, wanakaa pale chini ya ukuta wanasugua, wanasugua, mpaka inang'aa. Hawakutaka mutu mwingine ashike."

Miaka karibu tisini ya majivu na mchanga, kwa mkono unaozunguka duara. Ndiyo mikwaruzo niliyoiona. Mama na binti walilipenda bakuli lile mpaka wakaifuta namba ambayo ingewatetea, na mimi niliyemkamata Étienne kwa msasa wa siku moja nikatazama alama za mikono ya wanawake wawili nikaziita miaka mia na arobaini. Nimeona aibu ambayo sijui niiweke wapi.

Jumamosi, 27 Septemba

Harusi imepita. Sikusema. Ningesemaje, bibi harusi akiwa na hina mkononi? Hiyo ndiyo sababu niliyojipa.

Jumatatu, 29 Septemba, Awindiri

Sahani.

Jumatano, 1 Oktoba

Mama Rehemah ameondoka leo. Karanga zimetoka. Wanasema aliondoka na godoro, kuku watatu na sufuria, juu ya bodaboda mbili, na hakuna aliyemsindikiza ila mama mmoja jirani. Ameelekea Aru.

Ijumaa, 3 Oktoba

Nimeangalia picha kwenye simu mara ngapi sijui. Nilijaribu kujishawishi kwamba ile tisa ni sifuri. Namba ya laki saba na ushee ingekuwa ya mwaka 1924, Bushira akiwa hai, na neno la Hamuza lingesimama, ila ile si sifuri. Hamuza alimbeba mume wangu. Nalisema hili kwa sauti jikoni na Drateru akauliza naongea na nani.

Nikamweleza yote. Alisikiliza huku anakausha mikono kwa kanga yake, muda mrefu, hata mikono ilipokwisha kukauka.

"Mama Kadijah," akasema, "mimi nilivunja glasi mbili, nikakuambia siku ile ile."

Jumatatu, 6 Oktoba

Mvua kubwa, barabara ya Koboko imekatika sehemu moja. Nilifurahi. Hivyo ndivyo nilivyofikia: kufurahia barabara kukatika.

Jumatano, 8 Oktoba

Barabara imefunguliwa. Nimempigia Sheikh.

Ijumaa, 10 Oktoba

Baada ya swala, baraza lile lile. Nyumba imeanza kupakwa rangi ya kijani, upande mmoja tu, mvua imewakatiza. Sheikh aliwaita wazee wale wale sita. Hamuza alileta bakuli limefungwa kwenye taulo, ameliazima kwa mkwewe, uso wake umefura kwa sababu hakuambiwa la nini.

Nilisimama. Goti liliniuma lakini nilitaka kusimama. Nikasema: "Nilikosea. Mlinipa kazi ya macho nikaifanya kwa kuchoka na kwa kumpendelea rafiki wa mume wangu. Naomba chetezo."

Wakaleta makaa na udi. Nikalifunika bakuli, tukangoja, Sheikh akikohoa na kuomba dirisha lifunguliwe wakati tuko nje barazani. Kisha nikalifunua nikapitisha kitambaa mara moja, nikalipeleka kwenye mwanga. Mmoja mmoja wakaja kuchungulia kwa lenzi yangu. Mzee wa kwanza akasema anaona buibui. Wa pili, aliyekuwa karani wa jeshi, akasoma polepole, "R, D, saba, tisa," akaiangalia orodha niliyoibandua kutoka kabatini na gundi yake, akaweka kidole penye 1934.

"Bushira alikufa lini?" akauliza, ingawa wote tulijua.

Hamuza alinijia mpaka karibu. "Dada Kadijah. Mimi nilibeba bwana yako kwa hii bega."

"Ulimbeba. Mungu akulipe. Lakini bakuli si la bibi yako."

"Baba yangu aliniambia. Kwa mdomo yake. Alisema ni kitu ya mama yake."

"Alikuwa na miaka mitatu mama yake alipokufa, Hamuza. Mama aliyemjua ni Ayikoru."

Hapo nilimwona akibadilika. Nilidhani atanitukana. Alikaa chini sakafuni, mtu mzima mwenye wajukuu, akaweka mikono kichwani. Nadhani alikuwa anamsikia baba yake akisema "mama yangu", na kwa mara ya kwanza anajiuliza alikuwa anamtaja nani. Nilimwonea huruma, lakini haikupunguza kitu.

Sheikh akasema yaliyobaki. Neno la Hamuza limeanguka, la Mama Rehemah limesimama, ndoa ilikuwapo na mahari ndiyo hii. Hakuna wa kumtoa katika nyumba ile. Hamuza aende Aru akamrudishe kwa heshima, na mimi niende naye, kwa kuwa niliyeharibu ndiye anayejua palipoharibika.

Jumapili, 12 Oktoba

Homa. Sahani za watu wa kanisani zimerudi safi, ajabu.

Alhamisi, 16 Oktoba

Tulivuka Vurra saa tatu. Étienne alitungojea forodhani akatupitisha katikati ya malori, hakuuliza kitu, na mimi nilimshukuru kimoyomoyo kwa hilo. Tulimkuta Mama Rehemah kwenye kibanda nyuma ya nyumba ya mjukuu wa mjomba wake. Maji yalikuwa yanaingia mlangoni. Kuku wake wawili. Sikuuliza wa tatu.

Hamuza alipiga magoti nje kwenye tope akasema, "Mama, nisamehe. Rudi nyumbani."

Mama Rehemah akamwambia, "Simama, kanzu yako itaharibika. Nani atafua?" Kisha akaanza kukunja godoro. Kwangu hakusema hata salamu. Njia nzima alikaa mbele na dereva.

Jumamosi, 25 Oktoba, Koboko

Leo nimekwenda peke yangu. Hakuna aliyenituma. Mvua ilikuwa imekatika kidogo, na shamba la nyuma ya nyumba lilikuwa limeng'olewa magugu, yeye mwenyewe na miaka yake sabini na tisa. Ukuta bado ni kijani nusu. Bakuli liko juu ya meza, mkwe wa Hamuza amekubali libaki.

Nilisimama nje ya mlango nikatoa salamu. Akaitikia kutoka ndani, lakini hakusema karibu. Akaja akasimama kizingitini, akaniacha pale uani.

"Umekuja kuomba msamaha," akasema.

"Ndiyo, Mama."

"Ile siku, uligeuza bakuli mara kumi. Ulipapasa, ulinusa, uliweka kwa jicho. Mimi nilikuwa nimekaa hapo, karibu hivi. Mimi ndio nimeosha ile kitu tangu niko mutoto. Hukuniuliza hata neno moja."

"Sikukuuliza."

"Na siku ya pili pia, mlifukiza moshi, mlisoma namba, mlisema sasa Rehemah anasema ukweli. Mimi niko Aru, kwa maji. Mlipata ukweli yangu kwa masizi." Akapangusa mikono kwa gauni. "Sasa mimi nakuuliza wewe, fundi. Kama ile namba ingefutika yote, isibaki hata kidogo, mama yangu angekuwa nani?"

Nilitafuta jibu zuri. Kulikuwa na majibu mengi mazuri: kwamba Mungu anajua, kwamba haki haipotei, kwamba tungeona tu mwishowe. Nimechoka miaka hii yote, lakini sikuwahi kuchoka kama nilivyochoka na majibu yale kabla sijayatoa mdomoni. Mvua ikaanza tena, matone makubwa, nami niko uani bila mwavuli, naye mlangoni ananingoja.

"Mtumishi, Mama," nikasema. "Tungemfanya mtumishi, na tungelala usingizi."

Hakulia, wala hakukasirika. Alinitazama kama mtu aliyeweka mzigo chini. Kisha akasogea pembeni, akaniachia mlango.

"Sasa umesema ukweli yako mwenyewe," akasema. "Ingia. Unalowa."

Nikaingia.